Malindi mwezi wa Desemba: tope la Sabaki, magofu ya Gede na maji ya kupwa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Nakuru. Desemba hii, shule zikifungwa, nataka kumleta mama yangu Malindi pamoja na wanangu wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 7. Tuna siku nne. Mama anasumbuliwa na magoti, na maishani mwake hajaiona bahari. Rafiki yangu aliyekuja huko mwaka jana ananivunja moyo: anasema maji ya Malindi ni matope matupu, mji wenyewe ni wa Waitaliano, eti afadhali niende Watamu moja kwa moja. Je, ni kweli? Na kuna nini cha kuona kisichotaka pesa nyingi?

JIBU: Mwalimu, karibu Pwani, na mama mfikishie shikamoo yangu. Rafiki yako hakukudanganya kuhusu matope, ila dawa aliyokupa siyo. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa, na ushauri wangu ni huu: laleni Malindi mjini, Watamu, kusini mwetu, nendeni kutwa moja, na kabla hamjalipia boti yoyote tazameni kwanza mwezi uko wapi. Mkikosea hapo, mama atarudi Nakuru akiamini bahari ni mto mkubwa.

Tuanze na hilo tope. Kilomita chache kaskazini mwa mji, Mto Sabaki unamwagika baharini. Huko juu mnaufahamu kwa jina jingine: ndio Athi unaopita karibu na Nairobi na kukata Ukambani. Ukishakutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki. Njia nzima unazoa udongo wa mashamba na malisho. Mvua za vuli zikipiga huko bara Oktoba na Novemba, mto unashuka na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Sasa tia na upepo. Kuanzia Novemba mwishoni hadi Machi unavuma kaskazi, na mkondo wa pwani unalisukuma tope lile kwenda kusini, yaani ndani ya ghuba yetu. Wakati wa kusi, tuseme Mei hadi Septemba, tope linaelekea upande wa Mambrui na Ngomeni, lakini hapo tena bahari inachafuka na mwani unarundikana ufuoni. Kwa hiyo mwezi ule watu wa bara wanaomiminika kwetu, wakiwa na picha ya maji ya samawati kwenye simu, ndio mwezi ambao ghuba ya Malindi inaweza kuwa nyekundu. Matangazo ya hoteli hayalisemi hilo.

Nasema "inaweza". Vuli ikiwa haba, Desemba maji yanakuwa meupe pe hadi mjini. Ikiwa nzito, mnakuta wekundu hadi mbali. Basi mwezi wa Novemba wewe sikiliza habari za mvua za Machakos na Makueni, utajua kitakachokusubiri. Na msilione tope kuwa ni taka. Ni udongo, na huo huo pamoja na mchanga wa mto ndio ulioupanua ufuo wa Malindi miaka hii yote, hata majengo yaliyokuwa yakipigwa na mawimbi mlangoni leo yana mchanga mpana mbele yao. Watoto watapata uwanja wa kukimbia ambao Watamu hawaupati maji yakijaa.

Mbona basi nisikutume Watamu? Kwa sababu ya yale magoti. Malindi ni tambarare, tuktuk ziko kila kona hadi usiku, hospitali na maduka ya dawa ni hatua chache, na soko kuu liko katikati ya mji. Mama akichoka saa tano asubuhi unampakia tuktuk, dakika kumi yuko kitandani chini ya feni. Watamu ni pazuri, sina ugomvi napo, lakini hoteli zimetandaa kando ya barabara ndefu, na Desemba bei zake hupanda zaidi ya zetu. Mkitafuta chumba ulizeni mambo matatu: kama kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, kama kitanda kina neti isiyotoboka, na kama kuna tangi la maji, maana mifereji yetu siku nyingine hukauka bila taarifa. Bwawa la kuogelea ni la mwisho kuulizia, ingawa najua huyo wa miaka saba ataliulizia la kwanza.

Sasa mwezi. Watu wa bara hupanga safari ya bahari kwa saa ya mkononi, halafu wanafika na kukuta maji yamekimbia, boti zimekaa mchangani, au wanafika wakati yamejaa na matumbawe yako chini mno hata kioo hakisaidii. Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanapwa mbali sana na yanajaa sana. Siku hizo kwetu hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, na saa zinageuka: asubuhi hiyo ya saa nne maji yamejaa, jioni ndipo yanapwa. Katikati ya hapo, kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwanao wa darasa la sita anaweza kukufanyia hesabu hiyo akiwa bado Nakuru.

Kinachotakiwa kwa boti yenye kioo chini ni maji yaliyopwa au yanayoelekea kupwa, asubuhi, kabla upepo haujainuka na kukunja uso wa bahari. Kwa hiyo ukiweza kuchagua tarehe, zilenge siku za karibu na bamvua. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko kusini mwa mji, mnaingilia Casuarina, na ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu. Ndizo hifadhi za kwanza za baharini nchini Kenya. Inasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, na ada hailipwi kwa pesa taslimu. Inalipwa kwa simu kupitia eCitizen, basi jisajili ukiwa nyumbani. Chukua kitambulisho chako na cha mama, kwa sababu bila hicho hamtapata bei ya raia. Boti ni malipo mengine, mnapatana na nahodha. Bei huwa ni ya boti nzima, kwa hiyo mkikuta familia nyingine pale langoni unganeni, mtagawana. Na kabla hujabonyeza namba ya siri, muulize askari wa hifadhi au nahodha yeyote: leo maji ni meupe au mekundu? Watakwambia kweli, kwani mgeni aliyelipa akaona ukungu ndiye anayerudi kuwapigia kelele.

Mama asikose hiyo boti. Haogelei, hapigi mbizi, amekaa tu kwenye ubao amejishika, na chini ya miguu yake wanapita samaki wa milia myeusi na manjano, kasuku wa baharini wanaotafuna matumbawe, pengine na kasa. Shida iko kwenye kupanda. Maji yakipwa boti haisogei hadi mchangani, mtatembea majini kidogo, maji ya magotini au mapajani. Mwambie nahodha mapema kwamba una mzee, akusogezee boti na aweke ngazi. Watoto wavae viatu vya plastiki wasivivue, kwa sababu kwenye miamba kuna wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukivunjikia kwenye nyayo likizo ya siku nne imekwisha. Matumbawe hayakanyagwi wala hayavunjwi, na kombe mkizipenda zipigeni picha.

Ikiwa hifadhi ya Malindi imeingiliwa na tope, hapo ndipo ile kutwa ya Watamu inapoingia. Iko mbali zaidi na mdomo wa mto, na mara nyingi maji yake yanabaki safi wakati yetu yamechafuka. Matatu zinakwenda siku nzima. Mkiwa huko pitieni kituo cha kutibu kasa cha Local Ocean Conservation, mahali ambapo kasa waliojeruhiwa au walionaswa na nyavu hutunzwa hadi warudi baharini. Kwa mtoto wa miaka saba, kumwona kasa mgonjwa kwenye beseni kubwa na kuambiwa kilichompata kuna uzito kuliko kuona kumi wakipita mbali. Njiani, maji yakiwa yamepwa sana, kuna fungu la mchanga mweupe linaloibuka upande wa Mayungu, ambalo Waitaliano wameliita Sardegna 2. Msilifuate kwa miguu bila mwenyeji. Maji yanaporudi hayapigi hodi.

Pesa zikibana, kateni mengine yote mbakize Gede.

Gede iko kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, matatu za Watamu zinapita hapo, na kutoka barabarani tuktuk inawafikisha langoni. Ni mji mzima wa Waswahili uliobaki msituni: kasri, misikiti, nyumba, makaburi, visima, na kuta mbili, ya nje na ya ndani. Mji ulianza karne ya 12, ukashamiri karne ya 15, na karne ya 17 watu wakawa wameuhama. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na akaendelea hadi 1958, na Julai 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kinachonifanya nisichoke kuingia humo ni jambo jingine. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, wakafanya biashara, wakaandika barua na hesabu, na katika maandishi yao hakuna aliyeutaja mji huu uliokuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mji wenye kuta na msikiti wa Ijumaa! Waulize wanafunzi wako hilo swali ukirudi darasani.

Msiingie bila kiongozi wa pale, hasa kwa sababu ya watoto. Bila yeye mtaona mawe, mkiwa naye mtaona nyumba. Wafukuaji walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani: kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Taa ilitoka India, mkasi Hispania, vyombo vya kaure China. Mpe mkubwa wako daftari, aandike kila nyumba na kitu chake na kilikotoka, na mwisho atakuwa amejichorea ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi bila kujua kwamba anasoma.

Muombe kiongozi awaonyeshe choo. Nasema kweli. Ni chumba kidogo, sakafu imepigwa lipu, shimo limetengenezwa vizuri, na pembeni kuna mahali pa kuwekea maji ya kujisafishia. Muombe tena awaonyeshe ghala lisilo na mlango: chumba kimezibwa pande zote, pa kuingilia ni tundu tu huko juu ya ukuta, mtu apande kwa ngazi kisha ngazi iondolewe. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoweka mali yake. Watoto huwa wananyamaza kidogo, halafu wanauliza wote kwa pamoja mwizi angetokaje.

Kuna kaburi lililoandikwa tarehe, 802 Hijria, ambayo ni 1399. Tarehe hiyo ndiyo iliyosaidia kuyapanga mengine. Na karibu na msikiti mkuu kuna kisima ambacho inaonekana kilichimbwa tena kwenda chini, baada ya maji kushuka. Hiyo ni sababu moja inayotajwa ya watu kuhama. Nyingine ni mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, na nyingine ni kwamba mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa pamoja na mtawala wa Malindi, na biashara ya upande huu ikafifia. Kiongozi atakupa moja kwa uhakika mkubwa. Mimi naona zote tatu zilisaidiana.

Kwa mama: njia ni za mchanga, tambarare, zina kivuli cha mibuyu na miti mikubwa, ila mizizi imetambaa, atembee na bakora. Nendeni lango likifunguliwa tu, kabla joto halijapanda. Na chakula chochote kifiche ndani ya mkoba uliofungwa, kwa kuwa kima wa Gede wamezoea watu kupita kiasi na ndizi mkononi mwa mtoto haidumu. Hapo hapo kando ya magofu kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanalea viwavi, vikishajifunga ndani ya ganda vinasafirishwa haraka ng'ambo, na vipepeo vinatokea huko huko kwenye nyumba za maonyesho. Msitu wenyewe una kilomita za mraba kama 420, ndio mkubwa kuliko misitu ya namna hiyo iliyosalia pwani ya Afrika Mashariki, na watu hutoka mbali kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke. Kwa siku nne na watoto wawili, msitu uoneni dirishani mwa matatu, inatosha.

Historia ya mjini mtaimaliza asubuhi moja, na mama anaweza kushuka na kupanda tuktuk kati ya kituo na kituo. Nguzo ya Vasco da Gama iko kwenye rasi, kusini mwa ghuba. Wengi wakiiona wanasema, ni hii tu? Ni hii tu: nguzo nyeupe, nene, na juu yake msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Thamani yake iko katika kisa. Aprili 1498 Vasco da Gama alikuwa ametoka kukosana na Mombasa, na Malindi, iliyokuwa na uhasama wake na Mombasa, ikampokea, ikampa maji na chakula, na ikampa rubani wa kumvusha hadi India. Kiongozi anaweza kukwambia rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu mashuhuri. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, lakini usibishane naye juani. Nendeni jioni, upepo ni mzuri na mandhari ya ghuba yote iko mbele yenu, na hapo mtaona kwa macho mstari wa tope unapokutana na maji meupe, kama tope lipo.

Mimi hupenda kuwakumbusha watoto kwamba kabla ya Mreno kulikuwa na Mchina. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga hadi kwa mfalme wa China, enzi za safari za Zheng He, jemadari wa merikebu za China. Twiga, kwenye merikebu, Bahari ya Hindi nzima! Mwanao wa miaka saba akisahau mengine yote, hilo atarudi nalo.

Kutoka kwenye nguzo, mkirudi mjini kwa barabara ya bahari, kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kanisa hilo linahusishwa na safari hiyo. Dakika kumi zinatosha. Mbele zaidi, kando ya Msikiti wa Juma, kuna makaburi ya minara. Mkifika hapo vaeni kwa heshima, kwa kuwa ni mtaa wa watu na watu wanaswali, wala msiwapige picha kina mama wanaopita na mabuibui yao. Makumbusho ya Malindi yako katika jengo la zamani lenye nguzo nyingi mbele. Ulizeni hapo kama tiketi moja inafungua na nguzo na kanisa, msije mkalipa mara tatu. Na kwenye bustani ya Uhuru kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke Mgiriama aliyewakusanya watu wake mwaka 1913 kukataa kodi na kazi ya lazima ya Waingereza. Walimkamata, wakampeleka magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Bure, haina tiketi, na mama yako mwenye magoti atakuwa na la kusema kuhusu safari hiyo.

Ama Waitaliano, ni kweli wako, na mtasalimiwa "ciao" na muuza vinyago kabla hajawatazama vizuri. Walianza kuja kwa wingi baada ya mradi wa San Marco huko Ngomeni, kaskazini mwetu, ambako Italia ilirushia roketi kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza ya aina yake, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ikaitwa Uhuru. Wanasayansi wakaja na familia, familia zikaita marafiki, marafiki wakajenga. Faida kwenu ni aiskrimu nzuri kuliko zote za Pwani na piza ya tanuri la kuni. Lakini huo ni upande mmoja wa mji, ule wa barabara ya hoteli. Vukeni kuelekea soko na mji wa kale wa Shela, mtasikia Kigiriama, Kibajuni na Kiswahili cha Pwani, Kiitaliano kitakuwa kimeisha.

Na huko ndiko mle. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, yakiwa bado yana moto. Jioni kuna akina mama wanaokaa na karai zao nje: viazi karai vilivyovikwa unga wa manjano, bajia, kachiri, vipande vya muhogo wa kukaanga vilivyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu. Mnasimama tu, mnaelekeza kidole. Samaki wa kupaka na wali wa nazi utaupata kwenye mikahawa midogo ya karibu na soko kwa bei ambayo hoteli ya ufuoni wanauzia soda mbili. Dafu linywewe palipokatiwa, kisha mwambie muuzaji alipasue awakwangulie nyama yake. Mabuyu mekundu watoto watayapenda, na midomo yao itabaki myekundu hadi kesho.

Marafa nayo utaisikia, wanaiita Jiko la Jehanamu. Ni korongo la mchanga wa rangi, mwekundu, mweupe, waridi, zaidi ya kilomita thelathini bara ya Malindi. Wenyeji wanasimulia kwamba hapo palikuwa na familia tajiri hata ikaogea maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikaimeza. Jioni linawaka rangi kweli kweli. Lakini gari la kukodi lina gharama, kushuka ni mteremko mkali, na mama ataishia ukingoni. Kama mna siku nne, mimi ningeiacha. Mkiamua kwenda, nendeni baada ya alasiri, mchana ule jina lake mtalielewa vibaya. Na mkisikia habari za daraja la mbao la Mida, kwenye hori la karibu na Watamu, lile linalopita juu ya mikoko, jueni linayumba. Watoto watacheka, mama hatacheka.

Vijana wa ufuoni watawafuata na safari za kila aina. Wengi ni watu wazuri wanaotafuta riziki, lakini bei ikubaliwe kabla ya mguu kuingia kwenye boti au tuktuk, na isiwe "utanipa chochote".

Jambo moja la afya nalisema kwa mkazo: nyinyi mnatoka juu, kwenye baridi, na huku kuna malaria. Muone daktari Nakuru kabla ya kuja, aangalie na dawa nyingine za mama. Laleni ndani ya neti, na mtu akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe malaria kabla ya kuambiwa ni mafua. Jua la saa sita hadi saa tisa ni la kulala, sisi wenyewe tunalala.

Safari yenyewe, kwa magoti, treni ya Nairobi hadi Mombasa ni bora kuliko basi la usiku, kwa sababu mama anaweza kusimama na kunyoosha miguu. Tiketi za Desemba hazikai, kateni mapema sana, na za kurudi siku hiyo hiyo. Ila stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya mji, na kutoka hapo hadi Malindi kuna kama kilomita 120 za barabara. Mkifika jioni, laleni Mombasa muanze safari asubuhi. Na siku ya kurudi, kama treni ni ya mchana, tokeni Malindi alfajiri. Foleni ya Mtwapa mwezi wa Desemba haijali kama una tiketi.